Kuku wa Mkata

Kwa miaka 14 nimesimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili kuwafundisha methali za Kiswahili, na hapakupita mwaka bila ya siku ya kuku wa mkata. Methali hiyo husemwa kwa namna mbalimbali kutoka mahali hata mahali. Nyumbani kwetu niliisikia hivi: kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hunyakuliwa na mwewe. Nikiisha kuiandika ubaoni, niliwaeleza wanafunzi kuwa hapa pana ngazi nne za bahati mbaya, kila moja chini ya mwenziwe. Kwamba maskini wa methali amekata tamaa. Na kwamba lugha, kwa mpango wake wa masharti, imemfungia milango yote asipate pa kutokea. Wanafunzi waliandika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaandika hayo katika tasnifu iliyonipatia udaktari, na wakubwa wangu waliyakubali. Katika watu wote hao, mimi na wao, sidhani kuwa alikuwapo hata mmoja aliyepata kumwatamisha kuku.

Mwaka 2024 nilipewa likizo ya utafiti, nikarudi Kibiti kwa mama. Kibiti ni mji wa njia kuu ya kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam. Upande wa mashariki ardhi huteremka hata kufika kwenye delta, mahali ambapo Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, kuelekea Mafia, katikati ya mikoko iliyofunika zaidi ya hekta 50,000. Wageni wafikao huko aghalabu huulizia manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikono hiyo ikaishia humo mwezi wa Julai 1915. Mimi nilikwenda kutafuta vitu vidogo kuliko manowari: jina la kila kipande cha mtumbwi, jina la kila hali ya mpunga tangu kuchipua hata kuvunwa, na tofauti ya mkandaa na mchu katika kinywa cha mkata boriti. Niliyapata maneno mengi, nayo yana mahali pake pa kuandikwa. Habari ya leo ni ya kuku.

Mama yangu ni mkulima wa mpunga. Nyumba yake iko pembeni mwa mji, lakini shamba lake liko bondeni, na msimu ukifika huhamia huko akakaa katika dungu. Msomaji asiyeijua Rufiji na afahamu kuwa dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mkulima hulala humo, akaamia ndege mchana na kufukuza nguruwe mwitu usiku, na maji ya kawaida yakija hupita chini ya sakafu. Kuku wake huenda naye. Mwezi wa Aprili 2024 maji hayakuwa ya kawaida. Wilaya za Rufiji na Kibiti zilifunikwa, mashamba na nyumba pia. Usiku ule kuku walipanda ngazi ya dungu, na waliochelewa hawakuonekana tena. Katika 23 walibaki saba. Jirani alikuja na mtumbwi kumwokoa mama, na mama alikataa kushuka mpaka wale saba watiwe tengani.

Nilipopewa habari hii kwa simu niliona kuwa ni ukaidi wa uzee, ijapokuwa katika watu wote mimi ndiye niliyepaswa kujua sababu yake. Mwaka 1995, nilipochaguliwa kwenda shule ya sekondari, baba alikuwa amekwisha fariki. Mama aliwatia kuku tengani, akaketi kando ya barabara kuwauzia wasafiri, na kila muhula nilipofunga sanduku langu banda lilipungua. Koo mmoja tu hakuuzwa. Alikuwa kishingo, yaani kuku wa namna ile isiyoota manyoya shingoni. Mwanzo wanunuzi hawakumtaka kwa ajili ya sura yake. Baadaye mama naye hakukubali kumtoa hata alipotakiwa. Kutoka kwa kishingo yule walizaliwa vishingo wengine, kizazi baada ya kizazi, hata kumfikia yule aliyekuwamo katika tenga la mafuriko.

Nilifika mwezi wa Juni. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingiwa na mtoto wa jicho, na shikamoo yangu aliitikia kabla ya kunitambua. Jioni nilimwona bandani akiwapapasa kuku wake mmoja mmoja ili kuwahesabu. Huruma ilinishika, na huruma ya msomi ina haraka. Nilinunua kitabu cha ufugaji, nikakisoma kwa siku mbili, nikajiona nimeelimika. Mwezi wa Julai, nikirudi kutoka Dar es Salaam, nilimkuta muuza kuku katika kituo kimoja cha mabasi. Nikanunua mitetea watano waliokaribia kutaga, maana niliona kuwa vifaranga wangenichelewesha. Muuzaji aliniapia kuwa wamechanjwa. Kitabu kilisema, katika ukurasa ambao mimi mwenyewe niliupigia mstari, kwamba kuku mgeni atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Mama naye alisema, "Baba, mgeni afungwe kamba kwanza." Methali ya kuku mgeni, ambaye hakosi kamba mguuni, nilikuwa nimeifundisha pia, nilikuwa nikiieleza kuwa ni habari ya ugeni wa wanadamu. Jioni ile niliwafungulia wageni wangu, wakaingia bandani pamoja na wenyeji, nami nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Siku ya tano mtetea mmoja mgeni alijitenga, mabawa yameanguka, macho yamefumbwa. Siku ya sita alihara kijani. Siku ya saba wenyeji wawili walikuwa wakivuta pumzi kwa shida, vinywa wazi, na mmoja wao alipotoka shingo akawa anazunguka mahali pamoja, kama mtu aliyepotewa na kitu mchangani. Watu wa kwetu hawakuhitaji maabara. Ulikuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri, ugonjwa usio na tiba. Kwa siku nne nilizika kuku 11. Niliwazika usiku, kwa aibu, ingawa kitabu kiliagiza kuzika au kuchoma wala hakikutaja saa.

Mama hakunilaumu. Kila nilipoingia aliuliza, "Amebaki nani?" nami nikamtajia. Siku ya mwisho nilimjibu, "Kishingo, mama. Yule wa jikoni." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Usiingie jikoni na viatu hivyo."

Kishingo alikuwa jikoni kwa sababu alikuwa akiatamia. Siku tatu kabla ya wageni wangu kufika, mama alikuwa amemlaza juu ya mayai 11 katika kikapu kibovu nyuma ya mafiga, akatia na kipande cha mkaa kiotani kwa sababu ambayo mpaka leo hajanieleza. Jiko la kwetu ni kibanda cha peke yake, mbali kidogo na banda la kuku. Koo alitoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kujisaidia, nyuma ya jiko, kisha akarudi. Hakukutana na wagonjwa. Na mwenye kumpelekea chakula alikuwa mama, aliyetembea peku. Mimi, niliyesoma kitabu, nilikuwa nikitoka makaburini na viatu vyangu nikipita kila mahali. Virusi vya mdondo husafiri kwa viatu, kwa matenga, kwa mikono na kwa kinyesi. Elimu hiyo nilikuwa nayo kichwani siku zote zile.

Nilikwenda kwa bwana mifugo. Alikuwa kijana mpole aliyeniambia "shikamoo mwalimu," akanisikiliza, kisha akanieleza kuwa chanjo haifunguliwi kwa ajili ya kuku mmoja. Ile inayofaa vijijini huitwa I-2. Asili yake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, nayo hutengenezwa Kibaha, katika mkoa wetu huu huu wa Pwani. Sifa yake ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hata ikaweza kusafirishwa mahali pasipo na jokofu. Tone moja katika jicho moja latosha, kwa jogoo na kwa kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na kikiisha kufunguliwa hakiwekwi akiba kwa siku nyingi. Basi ikanipasa kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani walete kuku wao, mimi niliyeuleta mdondo mtaani.

Walikuja, na sababu ya kuja kwao ilinipa haya. Walikuwa wamesikia kuwa mtoto wa bibi yule ni daktari. Niliwaeleza kuwa udaktari wangu ni wa methali. Mzee mmoja akanijibu kuwa basi niwasomee kuku methali wapone. Asubuhi ile tulichanja kuku zaidi ya 80, bwana mifugo akidondosha na mimi nikishika vichwa. Wagonjwa hatukuwatia, kwa kuwa chanjo haimsaidii aliyekwisha ugua. Kishingo alitiwa tone lake pale pale kiotani, na bwana mifugo akadonolewa mkono kwa malipo.

Usiku wa siku ya 14 ya kuatamia nilinawa, nikavua viatu, nikaingia jikoni kuyapima mayai kwa mwanga wa tochi. Tisa yalikuwa na giza tele, isipokuwa chumba cha hewa kwenye ncha ile butu. Mawili yalipitisha mwanga kama siku yalipotagwa. Nilitaka kuyatoa. Mama alisema, "Viza hayo, lakini yaache, koo anayajua." Siku ya 20 nilitega sikio kikapuni nikasikia sauti ndani ya mayai ambayo bado hayakuwa na ufa. Sikuwa nimepata kujua kuwa kifaranga huanza kulia kabla ya kutoka. Siku ya 21 walitoka, kila mmoja akilikata gamba kwa kipembe kidogo kilicho juu ya mdomo wake, akipumzika mara nyingi, hata mimi nikachoka kwa niaba yake. Nilitaka kuwasaidia wawili waliokawia. Mama alinishika mkono. Kisha akawachukua tisa wote, mmoja baada ya mmoja, mle gizani, akiwapitishia kidole shingoni. Shingo tupu hurithiwa hata ikitoka kwa mzazi mmoja, na huonekana tangu kifaranga anapoanguliwa. Alipomaliza alisema, "Watano."

Mambo ya kulea nitayapitia upesi. Kitabu kilitaka nyuzi 35 za joto katika juma la kwanza, nikanunua kipimajoto; mabawa ya kishingo, kuku mwenye manyoya machache kuliko wenziwe, yalitosha bila ya kupimwa. Kitabu kilitaka chakula mara watokapo; kumbe kifaranga huzaliwa na kiini cha yai tumboni, naye aweza kungoja siku mbili. Tuliwapa chenga za mchele zilizotwangwa, dagaa wa kusagwa, na mchwa. Mchwa nilijifunza kuwatega: chungu kikuukuu hujazwa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichotiwa maji, kikafudikizwa juu ya njia yao jioni, na asubuhi kimejaa. Naona fahari ya mchwa wangu kuliko makala yoyote niliyopata kuchapisha. Kifaranga mmoja alizama katika sahani ya maji, nami nikajifunza kutia kokoto ndani yake. Mmoja alichukuliwa na mwewe saa nne ya asubuhi, mbele ya macho yangu, siku niliyoona kuwa tenga la kuwafunika si lazima tena. Mvua za vuli ziliponyesha, takataka za bandani zilirowa, wakaanza kuhara damu. Dawa na pumba kavu za mpunga ziliwaponya wengine, na mmoja akafa. Walibaki sita: mitetea wanne, wawili wao vishingo, na mapora wawili.

Siku ya mwewe niliketi barazani, nikamwambia mama methali yangu yote pamoja na maelezo niliyokuwa nikiwapa wanafunzi. Alisikiliza kwa adabu kama mtu asikilizavyo hotuba ya mgeni. Kisha akasema, "Yote umeyasema, baba. Lakini huyo mkata mbona ana kuku?"

Sikuwa na jibu, wala sikuwa nimepata kuulizwa swali hilo mahali popote. Tangu siku ile nimeirudia methali mara nyingi, na kila neno lake lina uzito ambao sikuwa nimeuona. Hatagi: kuku mwenye njaa hatagi, wala asiyepata chokaa, wala anayesumbuliwa na utitiri kiotani. Haangui: yai hukosa mbegu, au hupata baridi koo anapofukuzwa na siafu, likawa viza. Halei: maji, baridi, kuhara. Mwewe naye ni mwewe. Aliyeitunga alikuwa na daftari la hasara kichwani mwake, nalo limepangwa kwa utaratibu ule ule wa sura za kitabu changu cha ufugaji. Hayo ni maneno ya mtu aliyehesabu mara nyingi, na hapana ahesabuye hivyo ila mwenye kufuga tena. Jambo moja tu halimo, nalo ni mdondo. Ugonjwa huo ulianza kutambuliwa mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambao jina lake ndilo walilolipa wataalamu. Yamkini methali yetu ni ya zamani kuliko ugonjwa, na kama ingalitungwa baadaye ingalikuwa na ngazi ya tano. Sidai kuwa huu ni ushahidi. Nautaja kwa kuwa sikuweza kuuacha.

Tulingoja. Mwezi wa Januari vilemba vya mitetea vilianza kuwa vyekundu, wakawa wanaingia pembeni na kutoka wakitetea, sauti ile ya kutafuta mahali ambayo nadhani ndiyo iliyowapa jina lao. Niliagiza maganda ya chaza kutoka Nyamisati, nikayaponda. Mama alipima kwa vidole nafasi ya mifupa ya nyonga: ikiruhusu kidole kimoja, bado, ikiruhusu viwili, karibu. Mimi niliweka kikapu kipya chenye majani makavu mahali palipopendeza macho yangu. Kuku hawakukitazama.

Mwishoni mwa Februari 2025, siku chache kabla ya Ramadhani, mmoja wa vishingo wawili aliingia jikoni mchana, akapita nyuma ya mafiga, akalala katika kikapu kile kibovu alimoanguliwa. Alikaa karibu saa nzima. Alipotoka akipiga kelele niliingia nikaliona yai, dogo, la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na uzi mwembamba wa damu juu ya gamba. Nililipima katika mizani ya jikoni: gramu 34. Yai la dukani lingekuwa zito karibu mara mbili. Nilimpa mama mkononi. Alilishika kwa viganja vyote viwili hata joto likaisha, akaligeuza, akalisogeza karibu na jicho lake lenye nafuu, kisha akaniuliza ni nani aliyetaga. Nilimwambia. Akaniamuru nimlete huyo mtagaji, akampapasa shingo.

Nilidhani tutalipika. Nilikuwa hata nimekwisha wasifia rafiki zangu kwa simu. Mama alisema, "Lirudishe. Kuku hutaga penye yai." Tulilitia alama ya mkaa, likarudi kikapuni kuwashawishi wenziwe, na yale yaliyofuata ndiyo tuliyofuturia.

Likizo yangu ilikwisha mwezi wa Juni, nikarejea Dar es Salaam. Sijaifundisha tena methali ile. Zamu yake haijafika, na sijui nitaanza kwa sentensi gani. Siku moja ya Alhamisi mama alinipigia simu. Hakutaja afya yake, ambayo nilikuwa nimeiulizia mara mbili. Alisema, "Kishingo mdogo amelala juu ya mayai tisa. Na miezi mitatu imetimia."

Kesho yake, baada ya kipindi cha mwisho, nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikanunua kichupa, nikakifunga katika kitambaa kibichi kama nilivyofundishwa, nikakishika mapajani mwangu njia nzima. Nilifika baada ya isha. Kabla sijamaliza kupiga hodi, mama aliuliza kutoka ndani, "Viatu umevua?"